Kikohozi, Gari la Kwanza la Baba

Wapo wasiostahimili harufu ya samaki mbichi, wapo wanaokimbia kitunguu saumu. Mimi ni kutu iliyolowa. Mvua ikishapiga chuma kikuukuu na jua likatoka juu yake, huinuka harufu fulani kama ya damu ya jino, nami hutafuta pa kuketi. Juzi ilinikuta kwa fundi wa mageti, nikaomba kiti. Kijana wa watu akadhani ni presha, akanikimbilia na maji. Nikayanywa, nikamshukuru, nikamwacha na dhana yake. Ukianza kumweleza kijana wa leo habari za gari la baba yako enzi za Mwingereza, jua litatua na geti lake hajalichomea.

Ninyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa sana. Temeke ile ilikuwa minazi, mikorosho na mihogo, nyumba za udongo zimetupwa hapa na pale, na njia moja ya mchanga iliyoelekea mjini, ambayo masika iligeuka uji. Magari tuliyoyajua yalikuwa ya Wazungu wa serikali na malori ya Wahindi. Mtu mweusi mwenye gari lake mwenyewe katika mtaa wetu alikuwa mmoja tu, naye ni baba yangu. Nikisema hivyo msidhani tulikuwa na kitu. Tulikuwa na gari, basi.

Baba aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kihindi wa Kariakoo. Tajiri aliponunua gari jipya la kupakia wanawe, lile la zamani akamwachia baba, likiwa halina hata pumzi ya kupiga honi. Baba na wenzake wakalisukuma kutoka mjini hadi kwetu, siku nzima, na watu wakitoka majumbani kuwacheka. Mwaka mzima uliofuata, kila siku yake ya mapumziko aliimalizia chini ya lile gari, miguu tu ndiyo tuliyoiona. Siku lilipowaka, lilikohoa mara tatu, likatema moshi mweusi, nasi watoto tukakimbia hadi kwenye mihogo. Tuliporudi tulikuwa tumeshalipa jina: Kikohozi. Baba hakulipenda jina hilo, lakini nani anaweza kufunga midomo ya watoto? Yeye alinunua kofia ya udereva na kuivaa hata akienda kisimani.

Mimi nililipanda kwa safari ya maana mara moja tu. Nilikuwa na umri wa miaka sita hivi, na mdogo wangu Idi alikuwa wa mwaka na nusu, bado ananyonya. Naihadithia kwanza kama nilivyoiweka moyoni mwangu, maana kwa miaka miwili nilikuwa nikiitoa na kuitazama kama mtu anavyotazama nguo yake ya sikukuu.

Baba alirudi mchana kutoka safari ya Kilwa. Ghafla akatuambia tuingie garini, twende mjini hospitali, Idi ana homa. Mama akaketi nyuma na Idi mapajani, amefunikwa kanga, mimi nikawekwa mbele karibu na baba. Furaha niliyokuwa nayo sina pa kuipimia. Tulipita watoto wenzangu barabarani nikawapungia mkono kama bibi harusi. Mbele kidogo ya mikorosho, pale njia inaposhuka, Kikohozi kikaingia kwenye tope na kuzima. Baba akafungua boneti. Alichomoa plagi, akazipuliza, akazungusha hendeli, akarudi tena kwenye boneti. Mimi nikashuka, nikaokota mabibo hadi gauni langu likajaa madoa. Nyuma yangu nilimsikia mama akimwimbia Idi. Aliimba muda wote ule, wimbo uleule, hakupumzika. Hatimaye gari likakohoa, likawaka, baba akapiga kelele ya furaha, nami nikapiga kelele pamoja naye. Mama akasema, "Turudi nyumbani." Tukarudi. Nilidhani Idi amepona huko njiani, na kwamba ndiyo sababu baba alikuwa akilia akiendesha. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba watu wazima hulia kwa furaha.

Nyumbani walijaa watu. Jirani yetu Bi Tausi akanishika mkono, akanipeleka kwake, nikakaa siku saba nikila wali kila siku, na huko kwetu nikiona wageni wameketi mikekani. Sherehe, nikasema. Nikanuna kwamba wamenitenga. Niliporudi, Idi hayupo. Bi Tausi akaniambia amepelekwa Kisarawe kwa bibi, kuachishwa ziwa.

Hapo ndipo msinicheke. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto akikataa kuacha ziwa, hupelekwa kwa bibi yake, analia siku mbili tatu, anapewa uji na hadithi, anamsahau mama, na akirudi ameshakuwa mtu mzima kidogo. Mimi mwenyewe niliachishiwa Kisarawe. Kwa hiyo sikuwa na la kuuliza, isipokuwa lini atarudi. Bibi alipokuja kututembelea peke yake nikamwuliza Idi kamwacha na nani. Akasema anakwenda msalani, na huko akakaa mpaka nikachoka kumngoja. Watoto wenzangu walijua, nadhani, lakini mtoto wa kwetu hakuthubutu kumtajia mwenzake maiti ya nyumbani kwao. Angechapwa.

Na Kikohozi? Kikohozi kiliingizwa bandani siku ileile na hakikutoka tena. Makuti ya banda yakaoza, mvua ikapenya. Madigadi ya juu ya magurudumu yakaanza kubabuka, milango ikatoboka, na kila masika ikaja ile harufu. Kuku wakahamia ndani. Baba hakulitengeneza wala hakuliuza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama mbele ya banda, akalitazama, kisha akaondoka. Kofia aliitundika ukutani. Mama yeye alikuwa na neno moja tu juu ya lile gari: "Litolewe majiko." Alisema hivyo kila mara, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma dua.

Kilichoniweka mimi katikati ni hesabu yangu ya kitoto. Idi aliondoka siku ile ya gari, kwa hiyo gari ndilo lililompeleka. Bibi alisema Kisarawe ni mbali, miguu inamuuma. Basi gari likitengenezwa, tutakwenda kumchukua. Nani angeweza kunipinga? Nilikuwa na miaka minane na nilijua kila kitu.

Mwaka huo ndugu yake baba, Baba Mdogo Salehe, aliyekuwa fundi katika karakana mjini, akapata uhamisho wa kwenda Tabora. Alikuja kutuaga akiwa na jambo lake. "Kaka," alisema, "nina wiki tatu. Injini ile haijafa, imelala. Nipe ruhusa niifungue. Nikishaondoka mie, hutapata mtu wa kukusaidia bure." Baba akasema atafikiri. Siku ya pili akaja Mzee Pazi, mfua vyuma wa Gerezani, aliyekuwa akikata mabati ya magari mabovu na kufua majiko na makarai. Mama ndiye aliyemwita. Naye baba akamwambia atafikiri. Wote wawili wakapewa ahadi ya Jumapili.

Siku zile nilihangaika kuliko wote. Nilichukua majivu na mchanga, vitu tulivyosugulia masufuria, nikaanza kusugua madigadi nyumbani pakiwa hakuna mtu. Kutu ikatoka, na chini yake ikatokea rangi ya kijani. Nikasema, wakiona hivi watakubali. Jumapili asubuhi nikaingia ndani ya gari kusafisha kiti cha nyuma, ambako kuku alikuwa ametaga. Nikapeleka mkono chini ya kiti kutafuta mayai, nikagusa kitu kidogo kigumu. Nikakitoa. Kilikuwa hirizi, kifuko cha ngozi kimeshonwa kwa uzi mweusi, na kamba yake imekatwa, si kufunguliwa. Kamba ilikuwa fupi, ya shingo ya mtoto mdogo.

Nilifurahi mpaka nikavunja yai moja. Idi kasahau hirizi yake! Sasa ipo sababu ya kwenda Kisarawe, sababu ambayo mtu mzima yeyote angeielewa.

Baba alikuwa ameketi barazani na Baba Mdogo upande mmoja na Mzee Pazi upande wa pili. Nikawaamkia, "Shikamooni," kisha nikamnyooshea baba mkono. "Baba, nimeokota hirizi ya Idi."

"Hirizi gani?"

"Ya Idi. Ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Alipokwenda kwa bibi aliisahau. Baba, Baba Mdogo alitengeneze gari tumpelekee, halafu turudi naye. Ziwa ameshalisahau sasa."

Mzee Pazi akasema, "La ilaha illallah," akageuza uso. Baba Mdogo akanikodolea macho, kisha akamtazama kaka yake. "Kaka, huyu mtoto hajaambiwa?"

Baba hakumsikia. Alikuwa akitazama hirizi. Baba yangu alikuwa na ugomvi wa zamani na waganga. Aliwahi kushonwa mguu hospitalini Morogoro baada ya lori kupinduka, na toka hapo alikuwa akisema mbele ya watu wote kwamba mwanawe akiugua ni hospitali tu, hakuna kafara wala kombe la mganga. Akaigeuza ile hirizi kiganjani. "Mwanangu hakuwa na hirizi," alisema polepole. "Nilipokwenda Kilwa hakuwa nayo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sijui alikuwa pale toka lini.

"Alikuwa nayo," akasema.

"Toka lini, Zena?"

"Siku tatu kabla hujarudi."

"Uliniambia homa imemwanza asubuhi ile."

"Nilikwambia hivyo."

Sinia liliinama upande mmoja. Baba Mdogo akanyanyuka akalipokea, vinginevyo lingeanguka. Mama akashika mwimo wa mlango.

"Alishikwa na degedege," alisema. "Nilitaka kumpeleka mjini, wallahi nilitaka, nilikuwa nimeshamfunga mgongoni. Wanawake wakaniambia, degedege si ugonjwa wa sindano. Wakimchoma anakufa mikononi mwao. Nani hakulijua hilo? Nikampeleka kwa mganga, akamfukiza siku tatu. Uliporudi wewe yalikuwa yamebaki macho tu."

"Na mie ndiye niliyekuwa chini ya boneti," baba akasema, kama hakusikia lolote. "Nilikuwa chini ya boneti saa nzima. Ningemwacha huyo shetani wa gari, nikambeba mtoto nikakimbia, ningefika."

"Usingefika."

"Ningefika, Zena! Miaka miwili nahesabu hatua, ningefika!"

"Alikufa kwenye mikorosho," mama akasema. "Hatukuwa tumefika topeni. Gari lilikuwa linakwenda. Nilimsikia akiacha kupumua. Nikaikata kamba kwa meno, nikaisukuma hirizi chini ya kiti usiione. Gari likazima, ukashuka. Nikawa naimba ili usinigeukie."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale na yai la pili mkononi. Nikakumbuka alivyomwimbia Idi siku ile, bila kupumzika. Ule wimbo.

"Nilisema moyoni, gari ni chuma, haliumii," mama akaendelea. "Nilitwike lawama hiyo. Kumbe nilikutwika wewe. Nikawa nakuona kila asubuhi umesimama pale bandani, nikanyamaza. Nakuona, nanyamaza."

Ndipo nikauliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Idi yuko wapi?"

Watu wazima wanne wakatazamana. Mzee Pazi, asiye ndugu yetu, ndiye aliyeniita, akanishika kichwa kwa ule mkono wake mgumu wa nyundo. "Mdogo wako alifariki, mjukuu wangu. Hakwenda Kisarawe. Amezikwa hapa hapa, makaburini nyuma ya msikiti."

Nilikuwa nikipita makaburi yale kila siku kwenda chuoni kusoma Kurani. Nilikuwa nimeruka vijiti vya makaburi madogo nikishindana na wenzangu. Hilo ndilo lililoniangusha, wala si kifo chenyewe, kifo sikukijua. Nilihesabu vijiti nilivyoruka nikashindwa kujua kipi. Nilianza kupiga kelele na sikumbuki nani alinibeba. Mpaka leo nikiona watoto wanacheza makaburini, nawafukuza kama mwehu, wananicheka.

Baba akaondoka nyumbani muda uleule, na hirizi mkononi. Hakurudi siku ile. Asubuhi mama akafunga nguo zake katika shuka, akaketi mlangoni, furushi mapajani. Bi Tausi akaja, akakaa naye kidogo, akaondoka bila neno. Sote tulijua kinachongojwa. Mwanamke aliyempeleka mtoto kwa mganga kinyume cha mumewe, mtoto akafa, kisha akaficha, akamwacha mume abebe miaka miwili mzigo usio wake: angepewa talaka na hakuna ambaye angesema ameonewa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wakasema majirani, na walisema wakijua tunasikia. Walewale waliomwambia sindano inaua. Hasira niliyoipata siku hiyo juu ya majirani bado ninayo, nimezeeka nayo.

Alasiri baba akatokea. Baba Mdogo na Mzee Pazi walikuja nyuma yake, kwa kuwa jawabu lao lilikuwa bado, au labda kwa kuwa walimwogopea. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasimama mbele ya mama, akalitazama furushi. Nilijificha nyuma ya mtungi, nikaziba masikio, kisha nikayazibua.

"Zena," akasema. "Watu hawa wawili wanataka jibu. Gari lifanywe nini?"

Mama akainua uso. Nadhani hakuwa ameelewa. Baba akarudia. Hakuwahi kumwuliza, miaka yote miwili. Alikuwa akimsikia tu akisema majiko, majiko. Mzee Pazi akashusha pumzi na kushika shoka lake, maana jawabu alilijua.

"Litengenezwe," mama akasema.

Baba Mdogo alicheka kwa mshtuko, mwenyewe akajiziba mdomo. "Shemeji, litengenezwe? Wewe?"

"Litengenezwe. Safari ile hatukufika. Twende tukafike."

Baba akainama, akalichukua lile furushi mapajani mwa mama, akaingia nalo ndani. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake, na sikuwahi kumsikia akilirudia jambo lile tena, kwa wema wala kwa ubaya. Siwezi kuwaambia kwamba alisamehe. Sijui. Najua tu kwamba nguo zilirudi sandukuni.

Siku kumi na moja baba na Baba Mdogo walifanya kazi, na Mzee Pazi, aliyekuja kukata, akabaki kuziba milango kwa mabati yake mwenyewe. Kuku tuliwafukuza wakatuchukia. Siku ya kumi na mbili, Baba Mdogo akiwa ameshafunga mizigo ya Tabora, Kikohozi kilikohoa mara tatu kama zamani. Hakuna aliyekimbia na hakuna aliyeshangilia.

Tuliondoka asubuhi, watatu. Baba hakuvaa kofia. Mama alipita mlango wa mbele akaenda kuketi nyuma, mahali palepale, mikono mapajani, mitupu. Kwenye mikorosho baba akapunguza mwendo mpaka nikadhani litazima. Halikuzima. Tukavuka pale penye tope, palikuwa pakavu siku ile, tukapita njia ambayo mimi sikuwahi kuiona, tukaingia mjini, tukafika hospitali ya serikali. Baba akasimamisha gari mbele ya lango. Akazima injini mwenyewe.

Mlinzi, kijana wa kaptula ya kaki, alipoona gari limesimama ghafla akaja mbio. Akafungua mlango wa nyuma. Akatazama, akachungulia na mbele kwetu.

"Mgonjwa yuko wapi?"

Baba alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili. Mimi nikageuka kumtazama mama.

"Tumechelewa, mwanangu," mama akamjibu.

Kijana hakuelewa. Alibaki amesimama, mkono juu ya mlango, akingoja tumshushe mtu.